Oman kwa gari, wewe na mwenzako

Anayesafiri peke yake Oman huanza kuona taabu kwenye bei. Hakuna treni ya abiria. Mabasi ya Mwasalat yanaunganisha miji mikubwa, lakini hayakufikishi kwenye mdomo wa Wadi Shab wala juu ya Jebel Shams, na teksi ya masafa marefu inaweza kumaliza pesa ya siku nzima. Itabidi ukodi gari, na gari la kukodi lina bei ileile akae mtu mmoja au wakae wanne. Chumba cha vitanda viwili hali kadhalika. Ndiyo maana Oman, nchi ninayoipenda kuliko zote nilizotembelea, naiona imekaa kama nchi ya watu wawili: mmoja ashike usukani, mwingine asome vibao, agawe tende na kumsemesha dereva asisinzie. Watatu pia huenda, ila wawili wakishakubaliana, wa tatu hununa kiti cha nyuma.

Ziara ninayoieleza hapa ni ya wiki moja hivi: Muscat, pwani hadi Sur, jangwa la Sharqiya, Ibra, kisha Nizwa na milima yake. Ushauri mwingi unamhusu mwenzako kuliko barabara. Barabara za Oman ni nzuri. Kinachoharibika njiani ni uhusiano wa waliomo garini.

Nani wa kwenda naye

Waarabu husema rafiki hutafutwa kabla ya njia. Kwa Oman, swali la kwanza la kumuuliza huyo rafiki ni kama ana leseni. Mzunguko mzima unakaribia kilomita 1,000, na mtu mmoja akiendesha zote, ikifika siku ya nne ataanza kumchukia anayekoroma pembeni yake. Afadhali muwe madereva wote wawili, na majina yenu yote mawili yaandikwe kwenye mkataba wa gari, kwa sababu ajali ikitokea mikononi mwa asiyeandikwa, bima inaweza kukataa kulipa. Kila mmoja achukue kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kuondoka nyumbani. Kama mwenzako haendeshi, mpe kazi nyingine nzima na uiache mikononi mwake: hesabu, au vyumba, au ramani. Kazi nusunusu ndizo huzaa lawama.

Maswali yanayofuata yanaonekana ya kitoto, lakini yaulize mapema. Anaamka saa ngapi? Anaogelea? Akisimama ukingoni mwa genge anatetemeka? Akishikwa na njaa anakuwaje? Kila jibu lina mahali pake njiani. Mnada wa mbuzi wa Nizwa huchangamka mara tu jua likichomoza. Mwisho wa Wadi Shab haufikiwi kwa miguu, ni kwa kuogelea. Njia ya Jebel Shams inapita kando ya bonde refu ajabu, na mwenye kuogopa vimo hataifurahia hata ukimshika mkono. Si lazima mwenzako aweze yote. Muhimu ujue mapema, ili asiyeogelea abaki kwenye maji ya kwanza na mabegi, mkiwa mmepatana saa ya kukutana, badala ya kuanza kubembelezana mkiwa mmeshalowa.

Kama mmoja wenu anaswali na mwingine haswali, hilo pia lisemwe nyumbani. Nchi yenyewe inalirahisisha: msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kuchanganya swala, na misikiti ya njiani ni mingi, mara nyingi jirani kabisa na sheli. Kituo kimoja kinatosha kwa mafuta, swala na chai ya karaki. Asiyeswali asikae garini akitazama saa. Kazi yake ni kwenda kuiagiza hiyo chai.

Lini

Kati ya Oktoba na Machi. Kuanzia Mei joto linapita nyuzi 40, na kutembea mabondeni mchana kunakuwa kujitafutia maradhi. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu huohuo mzuri, kwa hiyo tazama kalenda. Kula na kunywa hadharani mchana wa Ramadhani hakuruhusiwi, hata kwa asiyefunga, na migahawa mingi hufungua baada ya magharibi tu. Kwa wawili wanaofunga, basi, ni mwezi mzuri sana wa kufuturu nje ya nyumbani. Ikiwa mmoja anafunga na mwingine hafungi, ningewashauri wasubiri.

Mtu atawaambia mwende Salalah. Iko kusini kabisa, kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, na kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba mvua za kusi, ambazo wenyewe huziita khareef, huigeuza milima yake kuwa kijani huku Ghuba nzima ikiungua. Watu wa nchi jirani humiminika huko kuona ukungu, minazi na migomba. Mtu wa Tanga au Kilifi atalitazama genge la madafu la Salalah na kujiuliza amelipia nini. Kinachostahili safari ni ubani: miti yake inaota Wadi Dawkah, bandari zake za kale zipo Al Baleed na Khor Rori, na zote zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ila hiyo ni safari nyingine, na huko nendeni kwa ndege.

Anzia Ijumaa, kisha hesabu kurudi nyuma

Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na siku mbili za juma ndizo zinazopaswa kuibeba ratiba yenu. Ijumaa asubuhi ni mnada wa mifugo Nizwa. Jumatano asubuhi ni soko la wanawake la Ibra. Ukiliweka hili sawa, mengine yote hujipanga yenyewe: fikeni Muscat Jumamosi, Jumatatu mwelekee pwani, Jumanne mlale jangwani, Jumatano muwe Ibra, Alhamisi usiku mlale Nizwa.

Jumapili asubuhi nendeni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wasio Waislamu huruhusiwa kuutembelea saa 2 hadi saa 5 asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Wanawake wafunike nywele na mikono, wanaume wasivae kaptura. Zulia la ukumbi mkubwa ni kipande kimoja, kama mita 70 kwa 60, lililofumwa na wanawake wa Iran kwa miaka kadhaa. Jioni nendeni Mutrah. Soko lake hulala mchana, kama maduka mengi ya Oman: kuanzia saa 7 hivi hadi saa 10 mtakuta milango imefungwa, na ndio wakati wa marafiki kugombana kwa sababu wamechoka, wana njaa na hawana pa kwenda. Muda huo lalani.

Jumatatu anzeni mapema. Barabara ya kwenda Sur inapita kati ya milima na bahari, na umbali wote ni kama kilomita 200. Simameni Hawiyat Najm, shimo la chokaa lenye maji ya kijani ambalo wenyeji husimulia kwamba nyota iliangukia hapo, kisha Wadi Shab. Gari huachwa chini ya daraja la barabara kuu. Mashua ya kuvuka inatoza rial moja kwa mtu, kwenda na kurudi, na msiulizie punguzo. Mtatembea dakika 45 hivi juu ya mawe, kisha maji yanaanza, na baada ya vidimbwi kadhaa kuna ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu, ambao ndani yake limejificha pango lenye maporomoko. Vaeni fulana na kaptura ndefu, hata ndani ya maji, na viatu visivyoteleza. Simu iende ndani ya mfuko usiopitisha maji, la sivyo ibaki kwa yule anayelinda mabegi.

Kabla ya kufika Sur mtapita Qalhat, mji wa kale uliotiwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2018. Kilichobaki wima ni kaburi linaloitwa la Bibi Maryam. Ulizeni kwanza kama eneo limefunguliwa, na likiwa limefungwa, tazameni kutoka barabarani mkikumbuka aliyefika hapo kwa miguu. Msafiri wa zamani Ibn Battuta, baada ya kuzuru Mombasa na Kilwa karibu mwaka 1331, alipanda jahazi hadi Dhofar na kuendelea kufuata pwani ya Oman. Karibu na Sur aliiona Qalhat kwa mbali, ikaonekana iko hapo tu, akaamua kutembea. Alimchukua mwenzake mmoja Mhindi, jina lake Khidr, na baharia wa kuwaongoza. Kumbe mji ulikuwa mbali, njia ilikatwa na mabonde, na yule kiongozi alikuwa akizitamani nguo zao. Khidr akaishiwa nguvu. Usiku Ibn Battuta alikesha na mkuki mkononi, nguo kazificha chini ya vazi lake, mwenzake kalala. Waliingia Qalhat kesho yake, miguu imevimba hata viatu havivuliki kwa raha. Leo ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa gari, lakini mambo mawili hayajabadilika katika nchi ile: hewa kavu hukifanya cha mbali kionekane karibu, na wa kumtegemea usiku ni yule uliyekuja naye.

Sur tengeni saa nyingi kuliko vitabu vya watalii vinavyoshauri. Huu ndio mji uliounda majahazi yaliyoshuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Karibu na karakana limewekwa Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililoundwa hapohapo mwaka 1951. Lilishauzwa likafika Yemen, na baadaye watu wa Sur walichanga pesa wakalirudisha nyumbani. Mkikaa ukingo wa hori saa 11 jioni mkitazama Al Ayjah ng'ambo, mtaona milango ya kuchongwa ambayo mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa. Usiku unaweza kwenda Ras al Jinz kuona kasa wakitaga. Kilele ni miezi ya joto, lakini hata wakati wa baridi huja wachache. Nafasi zina kikomo, agizeni mapema. Na tochi ya simu izimwe, kasa huogopa mwanga.

Jumanne, jangwa. Kutoka Bidiyah kuingia kwenye matuta kunahitaji gari linalovuta magurudumu yote manne, upepo wa tairi ukiwa umepunguzwa karibu nusu, na dereva anayejua mchanga. Kama hamna, gari lenu liacheni mjini, kambi nyingi hutuma lao kuwachukua. Usiku mmoja unatosha. Wa pili mtaanza kuhesabu mbuzi wa jirani.

Ibra inapitwa na wageni wengi wakikimbilia Nizwa, na hapo ndipo nisipokubaliana na ratiba za mawakala. Mtaa wake wa kale, Al Minzfah, una majumba makubwa ya udongo na mawe yaliyojengwa na koo zilizofanya biashara Afrika Mashariki. Paa zimeanguka, nakshi zimebaki. Mkiwa wanawake, Jumatano asubuhi mtaingia soko lenu: vitambaa, vipodozi, uvumba, manukato, na wauzaji ni wanawake tu. Kama mmoja wenu ni mwanamume, akatembee Al Minzfah wakati huo. Asilalamike.

Ijumaa, saa 12 na nusu muwe mmeshafika mnadani Nizwa. Wauzaji huzungusha mbuzi na ng'ombe katika duara, wanunuzi wamekaa katikati na pembezoni, mmoja ananyoosha mkono, anakagua meno, anatamka bei, mbuzi anaendelea kuzunguka. Ikifika saa 3 watu wanatawanyika. Baada ya hapo pandeni ngome. Mnara wake wa mviringo ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, yuleyule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwanawe Saif ndiye ambaye askari wake waliiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Juu ya milango ya ngazi kuna matundu ya kumwagia adui asali ya tende ya moto. Kama mna saa mbili zaidi, nendeni Jabrin, kasri la mwanawe mwingine, Bil'arab, lenye dari za kuchorwa na chumba cha farasi ghorofani. Saif alimzingira nduguye humo ndani, na Bil'arab akafia humo. Ukiwa na ugomvi mdogo na mwenzako kuhusu nani alale karibu na kiyoyozi, kasri hili linasaidia.

Usukani

Oman huendesha kulia, nasi tumezoea kushoto. Siku ya kwanza hatari haiko barabara kuu, iko unapotoka sheli au maegeshoni asubuhi, barabara tupu na akili bado usingizini. Kwa siku mbili za mwanzo abiria awe na kazi moja: kila gari linapoondoka, aseme "kulia" kwa sauti. Kwenye kipilefti tazameni kushoto, walio ndani wana haki.

Kamera za mwendo ni nyingi kuliko tochi zetu zote. Barabara kuu nyingi zinaruhusu kilomita 120 kwa saa, na magari mengi ya Ghuba hulia kengele ukizipita. Usibishane na kengele. Faini haziletwi dirishani. Hufika kwa kampuni ya gari, na wao watazikata kwenye amana yako wiki kadhaa baadaye, wakati mwenzako keshasahau nani alikuwa akiendesha. Andikeni kila mnapobadilishana usukani. Petroli ni nafuu, chini kidogo ya robo rial kwa lita. Usiku ngamia huvuka barabara bila kutazama, kwa hiyo panga safari ndefu ziishe kabla ya magharibi.

Kwa Jebel Akhdar kuna kizuizi cha polisi Birkat al-Mawz, na gari dogo halipiti, hata ulie. Kodini gari linalovuta magurudumu manne kwa siku hiyo tu, au mchukue dereva wa huko. Sehemu za juu zinafika kama mita 2,000, na waridi huchumwa Aprili. Jebel Shams ni juu zaidi, na kipande cha njia yake ni changarawe.

Mvua ndiyo jambo la kuogopwa kwa dhati. Wadi kavu hujaa kwa dakika chache kutokana na mvua iliyonyesha mlimani mkiwa chini ya jua. Aprili 2024 mafuriko ya aina hiyo yaliua watu huko Sharqiya, wakiwamo wanafunzi waliokuwa garini. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa kisheria. Kwa hiyo kuweni na sharti moja lisilojadiliwa: mmoja akisema turudi, mnarudi. Hakuna kupiga kura wala kumcheka njia nzima. Namba ya dharura ni 9999.

Pesa

Rial moja ina baisa 1,000, na ni karibu dola 2.6 za Marekani, kiwango kilichokaa hivyo tangu 1986. Bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Hatari yake ni ya sikio: mtu aliyezoea maelfu ya shilingi anasikia "rial tano" na kuona si kitu, kisha chakula cha mchana kinamtoka dola 13. Kila jioni geuzeni matumizi ya siku kuwa shilingi, mara moja tu, mkiwa mmeshashiba.

Njia bora niijuayo ni mfuko wa pamoja. Siku ya kwanza kila mmoja atoe kiasi sawa, mmoja ashike, mwingine aandike. Humo ndani mtalipia mafuta, vyumba, chakula cha pamoja na viingilio. Zawadi, manukato na kahawa ya kujinunulia kila mtu kivyake. Ukiisha, mnatia tena sawa. Kama kipato chenu hakilingani, na kwa marafiki wengi hakilingani, bei ya chumba ipangwe na mwenye kidogo, kabla ya kuondoka. Mwenye nyingi akitaka anasa alipe yote siku hiyo kwa jina la zawadi na asiirudie tena mdomoni.

Mwenzako akiwa na jamaa Muscat

Hili litawatokea wengi wanaotoka Zanzibar, Mombasa au Dar. Mwenzako ana shangazi Seeb, na shangazi hataki kusikia habari za hoteli. Kubalini, lakini mseme tangu mwanzo ni siku mbili, na siku hizo ziwe za mwisho wa safari. Mkianza nazo, ratiba itachukuliwa: leo chakula cha mchana kwa ami, kesho kwa binamu, keshokutwa kuna harusi. Na ninyi mtaona haya kukataa, kwa sababu ni kweli mtu kawapikia. Nendeni na kitu cha nyumbani: kanga, korosho, viungo, kahawa.

Wewe uliye rafiki tu, si ndugu, kazi yako humo ndani ni ngumu kidogo. Utakaa kwenye mazungumzo ya ukoo usioujua. Viatu mlangoni, salamu kwa mkubwa kwanza, "shikamoo" inafaa kwa wazee wenye asili ya Zanzibar kama ilivyo Malindi au Ng'ambo. Kahawa yenye iliki hutangulia na tende, na kikombe kinajazwa tena mpaka ukitikise kidogo kuonyesha umetosheka. Hapo mtakula biriani ya nyumbani, mishkaki, pengine mkate wa kumimina. Mkiwa na bahati ya Idi, mtakula shuwa, nyama iliyofukiwa shimoni siku nzima au zaidi ikiwa imefungwa majani.

Mwaka 1964 usiuulize mezani. Watu wengi wanaosema Kiswahili Oman, au wazazi wao, waliondoka Zanzibar kwa mapinduzi, na wengine walikuja baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita wenye asili ya Oman warudi. Kila nyumba ina habari yake. Mwenye nyumba akianza mwenyewe, sikiliza. Akinyamaza, sifu biriani.

Na kuhusu Kiswahili chenyewe: msikitumie kama lugha ya siri. Wawili wakiwa ugenini huzoea kusengenya waziwazi, bei ya huyu, kilemba cha yule, tumbo la dereva. Hapa, kuanzia Mutrah hadi Ibra, muuza duka aliyevaa kanzu na kofia aliyenyamaza muda wote anaweza kuwa kazaliwa Wete, akawajibu kwa lafudhi safi kuliko yenu. Ya siri yangojee mpaka mfunge milango ya gari.

Nusu siku ya kuachana

Wekeni nusu siku Muscat ambayo kila mtu anakwenda kwake. Isiwe kwa sababu mmekosana, iwe imo kwenye ratiba tangu nyumbani. Mmoja aende Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mbele ya kasri la Al Alam, mwingine akapatane bei na wauza fedha wa Mutrah. Kwenye gari mmekaa bega kwa bega siku nzima, kila wimbo mmeusikia pamoja, na hata ladha ya tende mmeshakubaliana. Jioni mtakuwa na jambo la kusimuliana ambalo mwenzako hakuliona. Wapo watakaosema huo si urafiki. Nawajua, na sisafiri nao.

Ubani ununueni siku hiyo. Ulio bora, hojari, ni mweupe unaoelekea kijani, nao una bei yake. Wa kahawia unatosha kufukiza nyumba. Halua ya Nizwa haihitaji friji na inakaa majuma mengi, lakini ni nzito, pimeni begi kabla ya kwenda uwanjani. Gari mlirudishe na tangi lililojaa, mlipige picha pande zote nne mbele ya mfanyakazi wa kampuni, na mwombe karatasi ya kuthibitisha mmelipokea salama na kulirudisha hivyohivyo. Kisha kaeni mahali penye meza mfunge hesabu ya mfuko wa pamoja, kilichobaki mgawane papo hapo hadi baisa ya mwisho, na mpatane amana ikirudi pungufu kwa ajili ya faini, nani atalipa ipi kwa kufuata yale mliyoyaandika mlipokuwa mkibadilishana usukani.